Picha waliinunua, wimbo ukawanyamazisha: muziki na mashairi yanafungua macho vipi kuhusu ubaguzi wa rangi

Kuna neno watu wanalisema sana, na mimi pia nilikuwa nalisema bila kufikiri: muziki unafungua macho. Sawa, lakini unafungua vipi? Macho si yalikuwa wazi tangu zamani? Mtu mweusi aliyekuwa anapigwa fimbo hapa Katanga, kusini mwa Kongo, wakati wa Wabelgiji hakungoja mwimbaji aje amwambie kwamba fimbo inauma. Na mzungu aliyesimama pembeni ya ile fimbo naye alikuwa anaona vizuri kabisa, ilikuwa mchana, jua linawaka. Sasa wimbo unafungua nini hasa? Hilo njo swali nataka tulifumue leo polepole, juu, yaani kwa sababu, naona kila mara tunalipita mbio.

Nianze mbali kidogo, Marekani, halafu nitarudi kwetu Lubumbashi.

Tarehe 7 Agosti 1930, mji wa Marion, jimbo la Indiana, kundi la wazungu lilivunja jela, likawatoa vijana wawili weusi, Thomas Shipp na Abram Smith, wakawapiga na kuwatundika kwenye mti, hakuna kesi, hakuna hakimu. Mpiga picha wa pale mjini, Lawrence Beitler, akaja na mashine yake akapiga picha. Ukiitazama ile picha, kitu kinachokukata tumbo si miili miwili tu kule juu, ni watu wa chini. Wanaume kwa wanawake, wamevaa vizuri, kuna anayegeuka kuangalia kamera, kuna mmoja ananyoosha kidole juu kama mtu anayekuonyesha nyumba yake mpya. Na ile picha iliuzwa, kopi maelfu, watu walinunua kama ukumbusho, yaani sawa vile mimi na wewe tunanunua picha ya arusi.

Ebu simama hapo kidogo. Wale watu waliona. Hakuna kilichofichwa, picha inaonyesha kila kitu, na bado waliinunua wakaenda nayo nyumbani. Mimi nilipolielewa hilo njo nikaelewa kwamba tatizo la ubaguzi si kukosa habari. Watu wanaweza kuwa na habari yote mkononi na macho yao yamefungwa bado.

Sasa picha hiyohiyo ikafika machoni pa mwalimu mmoja wa New York, mtaa wa Bronx, anaitwa Abel Meeropol, mzungu, mtoto wa Wayahudi waliotoka Urusi. Yeye haikumwacha, ilimsumbua siku nyingi, mwisho akaandika shairi, likatoka 1937 katika gazeti la chama cha walimu, baadaye akalitia muziki, na jina la mtunzi akaweka Lewis Allan. Mwaka 1939 ule wimbo, Strange Fruit, yaani tunda la ajabu, ukafika kwa Billie Holiday, mwimbaji mweusi ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 25, na alikuwa anaimba katika klabu inaitwa Café Society, moja ya klabu chache za New York za wakati ule ambamo weusi na weupe walikaa pamoja.

Na namna walivyouimba ndiyo inafundisha. Ulikuwa unawekwa mwisho kabisa. Kabla hajaanza, wenye kugawa vinywaji wanasimama, hakuna kuleta bia, hakuna kuchukua pesa. Taa zote zinazimwa, inabaki moja tu kwenye uso wake. Anaimba, anamaliza, taa inazimika, na ikiwaka tena yeye ameshaondoka, hata mkipiga makofi mpaka mikono ivimbe harudi. Kampuni iliyokuwa inamtolea sahani za muziki, Columbia, ilikataa kuurekodi huo wimbo, ikabidi aende kwa kampuni ndogo, Commodore. Mwenyewe alisema ulikuwa unamkumbusha baba yake, aliyekufa 1937 kule Texas akiwa mgonjwa, juu hospitali hazikutaka kumpokea mtu mweusi.

Sasa angalia kazi ya shairi lenyewe. Halisemi popote kwamba kutundika watu ni vibaya. Linaanza na miti. Miti ya kusini, ina matunda. Linakutembeza shamba zuri, harufu ya maua, na wewe unafuata, mtu hakatai kutembezwa shamba. Na humohumo majani yana damu, tunda lina macho, tunda lina mdomo. Na pale unaposhtuka umeshaingia ndani, mlango umefungwa nyuma yako.

Hii sisi tunaijua, ni kitendawili. Kwa kambo, yaani kwa babu, jioni, mtu anakutegea, anakupa kuku na nyumba na mto, jibu hakupi, unalitafuta mwenyewe. Na jibu ulilolipata kwa akili yako huwezi kulikana, huwezi kusema "wamenidanganya", juu hakuna aliyekuambia. Ile picha ya Marion ilitoa jibu kabla ya swali, kila mtu akalipokea na moyo wake uleule aliokuja nao, mwenye chuki akabaki na chuki yake. Shairi lilianza na tunda, halikuanza na jibu. Na giza la klabu likaondoa kitu kingine, likaondoa jirani. Mwenye kununua picha alikuwa anaweza kumchekea rafiki yake, wakapeana kiwiko. Gizani hakuna wa kumchekea, uko wewe na ile sauti tu.

Basi turudi kwetu.

Huu mji, ambao Wabelgiji waliuita Elisabethville, ulizaliwa 1910, ukakatwa vipande viwili. Huku mji wa wazungu, kule site ya weusi, na katikati eneo walilolitenga makusudi ili watu wasichanganyike. Usiku mweusi kuonekana mjini bila karatasi ilikuwa kesi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma kutaka mshahara uongezwe, wakapigwa risasi hapahapa, wengi walikufa. Hayo ni makubwa, yanajulikana, wazee wanayahadithia. Lakini ubaguzi wa kila siku haukuwa risasi. Ulikuwa maneno madogo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha hapa, upande wa wale waliofanya kazi nyumbani mwa wazungu, maboyi, na ukiisoma unasikia mji mzima umetazamwa kutoka mlango wa jikoni.

Kambo wangu, baba ya mama, alikuwa mmoja wao. Alifanya boyi kwa familia moja ya Wabelgiji miaka ya hamsini, kupika, kufua, kupiga pasi. Mwaka 2010, wakati nchi inasherehekea miaka hamsini ya uhuru, nilikuwa kwake siku moja, nikamwekea kwenye simu hotuba ya Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, ya siku ya uhuru yenyewe, tarehe 30 Juni 1960. Alikuwa ameisikia ikihadithiwa maisha yake yote, lakini mwanzo mpaka mwisho na masikio yake mwenyewe, bado.

Wengine watasema hotuba si shairi. Isikilize ile kwanza. "Tumejua" hivi, "tumejua" vile, anarudia mwanzo uleule, anarudia tena, kama kiitikio, kila mara anaweka juu yake jiwe jingine, kazi ya kuchosha, mshahara usiotosha chakula, matusi, mapigo asubuhi mchana na jioni juu tulikuwa weusi. Hiyo ni ngoma, bwana. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa amekaa palepale, ametoka kumsifu Leopold wa Pili, mfalme aliyeifanya Kongo mali yake. Na katikati ya hayo makubwa yote Lumumba anaingiza kitu kidogo sana, kidogo kama sindano: anauliza nani atasahau kwamba mtu mweusi alikuwa anaambiwa "tu", ile wewe ya Kifaransa isiyo na heshima, si kama rafiki, ila juu "vous" ya heshima ilikuwa imewekwa kwa wazungu peke yao.

Kambo akanyoosha mkono. "Rudisha. Rudisha nyuma, nisikie tena."

Nikarudisha. Akasikiliza. Akasema tena rudisha. Mara tatu tulirudisha pale kwenye "tu". Halafu akakaa kimya, alikuwa anazungusha kikombe chake cha chai juu ya meza, haendi kukinywa, anakizungusha tu. Mwisho akasema: "Mutoto yao ya myaka sita alikuwa ananiambiaka 'tu'. Miye namujibu 'vous'. Na nilikuwaka na batoto ine ku nyumba." Akazungusha kikombe tena. "Miye nilikuwa nazania njo vile Kifaransa iko."

Hilo neno halijaniacha mpaka leo. Alifikiri ndivyo Kifaransa kilivyo! Miaka yote ile hakuwa mjinga, alijua anadharauliwa, alijua mshahara wake ni mdogo, alijua njia ya kurudia site. Lakini lile tusi moja lilikuwa limejificha ndani ya sarufi, na yeye alilichukua kama kanuni ya lugha, kama vile jua linavyotokea mashariki. Ilibidi mtu aliweke peke yake mbele ya watu, aliimbe karibu, ndipo mzee wa miaka themanini na kidogo aone kwamba hiyo haikuwa lugha, ilikuwa fimbo.

Kwa hiyo mimi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: kinachofunguliwa si macho, ni mazoea yanayoyafunika. Ubaguzi wa rangi ukikaa muda mrefu unajivika sura ya kawaida, unakuwa desturi, unakuwa adabu, unakuwa hata mtihani wa kufaulu. Wakumbukeni waliokuwa wanaitwa evolue, ili mtu apewe karatasi ya kwamba amestaarabika, wakaguzi walikuwa wanaingia nyumbani kwake kuangalia kitanda, jiko, kama anakula na uma. Na watu walijivunia ile karatasi, siwalaumu, ndiyo mlango uliokuwepo. Shairi zuri linachukua ile kawaida, linaitoa mahali pake palipozoeleka, linaiweka pahali pengine, na ghafla inatisha.

Afrika Kusini walifanya hivyo kwa swali moja. Kuna wimbo wa kizamani wa wakati wa apartheid, Senzenina, mtunzi wake hajulikani, ulikuwa unaimbwa kwenye maziko na maandamano. Maneno yake ni machache mno. Senzeni na, maana yake tumefanya nini. Wanarudia. Tumefanya nini. Wanarudia tena, sauti za chini za wanaume zinapanda polepole chini ya sauti za wanawake. Halafu linakuja jibu: dhambi yetu ni weusi wetu. Basi. Hauna jina la mkubwa yeyote. Lakini sikiliza kinachotokea, swali likirudiwa mara kumi linaacha kuwa la mwimbaji, linakuwa lako, unaanza kutafuta kweli kichwani mwako, ni nini wamefanya hawa watu? Wameiba? Wameua? Na ukikosa jibu, ile sheria yote inabaki uchi. Kusoma kitabu cha sheria za apartheid utachoka, zilikuwa nyingi na zimeandikwa kwa lugha safi ya ofisi. Wimbo unazibana zote mpaka linabaki neno moja, weusi.

Kuna pia Hugh Masekela na wimbo wake Stimela, wa mwaka 1974, kuhusu treni ya makaa inayoleta wanaume toka Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, waje kuchimba chini ya ardhi ya Johannesburg kwa mshahara wa karibu bure. Anaanza kwa kuongea tu, halafu anafanya treni na mdomo wake, pumzi, filimbi, magurudumu. Ukiwa mtu wa hapa, mji ulioletwa na reli na ukalelewa na shaba, babu zetu wametolewa Kasai, Rwanda, Rodezia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa ajili ya mgodi, huo wimbo hauhitaji mkalimani. Unasikia pumzi ya ile treni, na mwili wako unajua kabla ya kichwa. Hii nayo ni sehemu ya jibu, muziki unapita mwilini, na mwili haubishani.

Lakini lugha, jamani, lugha inatukosesha mengi. Panda taksibisi yoyote ya kwenda Katuba au Ruashi, utasikia Bob Marley, na mara nyingine utasikia wimbo wake War, yaani vita, wa mwaka 1976, watu wanatikisa kichwa, konda anagonga bati kufuata besi. Waulize unasema nini. Vita, watakuambia, labda kwa sababu ya jina lake. Kumbe maneno yake karibu yote ni ya hotuba aliyoitoa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, Umoja wa Mataifa mwaka 1963, kwamba mpaka siku rangi ya ngozi ya mtu itakuwa haina maana zaidi ya rangi ya macho yake, vita havitaisha. Hotuba imelala kwenye makabati ya New York miaka kumi na tatu, mwimbaji akaichukua jinsi ilivyo akaitia besi, na leo iko kwenye taksibisi ya Lubumbashi. Ajabu kubwa! Ila kwetu imefika sauti, maneno yamebaki njiani. Hapo macho hayajafunguka, miguu ndiyo imefunguka.

Na niseme lingine, gumu kidogo, juu nikiliacha nitakuwa nasifu muziki bure. Nguvu hiihii inaweza kufunga macho pia. Mwaka 1992 na 1993 hapa Katanga majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, watu waliozaliwa hapa, waliosoma na sisi, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, wengi walikufa pale, watoto hasa. Na kabla ya kufukuzwa waliitwa kwanza "bilulu", wadudu. Neno moja, fupi, tamu mdomoni, linaimbika. Hao si weupe na weusi, najua, lakini mashine ni ileile. Shairi la Meeropol linachukua kitu watu walichokiona kama tunda na kukuonyesha ni mtu. Neno "bilulu" linachukua mtu na kukuonyesha mdudu. Mimi kipimo changu ni hicho tu nikisikia wimbo wa hasira, hata uwe na ngoma nzuri namna gani: mwisho wa wimbo watu wameongezeka machoni pangu, au wamepungua?

Na wimbo hautungi sheria, tusidanganyane. Strange Fruit ulirekodiwa 1939. Serikali ya Marekani ilikuja kutia saini sheria ya taifa inayofanya kuua kwa kundi namna ile kuwa kosa la chuki mwezi Machi 2022. Hesabu mwenyewe, miaka 83! Billie Holiday alikufa 1959. Mtu akiniuliza basi wimbo ulisaidia nini, sina hesabu ya kumpa, naweza kumwambia tu kwamba kuanzia ule usiku kuna watu hawakuweza tena kuiangalia ile picha na kucheka.

Mwaka jana vijana fulani walifanya jioni ya slamu, mashairi ya kusemwa mbele ya watu, katika parseli moja, yaani kiwanja cha nyumba, ya komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, viti vya plastiki, bafle moja ya kutoa sauti, na kijana mwenye karindula, ile banjo yenye tumbo la pipa na ngozi ya mbuzi, sauti yake inakugonga kifuani. Kazi waliyojipa ilikuwa kugeuza maneno ya kupinga ubaguzi kwa Kiswahili chetu. Senzenina ilipita haraka. Marley naye alipita. Wakafika kwa Lumumba, pale kwenye "tu" na "vous", wakakwama.

Juu Kiswahili chetu hakina hiyo. Weye ni weye, mkubwa kwa mdogo. Mmoja akajaribu "walituambia weye", watu wakanyamaza, haikuuma, kila mtu anaambiwa weye. Mwingine akaacha vile vile kwa Kifaransa, vijana wakaelewa, wamama waliokaa nyuma hawakuelewa. Walibishana karibu nusu saa. Halafu binti mmoja, mdogo kuliko wote, akasema heshima yetu haikai kwenye weye, inakaa kwenye baba, mama, kambo, mukubwa, ukitaka kumvua mtu heshima kwa Kiswahili unamnyang'anya hilo jina. Akachukua kipaza sauti, karindula ikaanza polepole, akasema: nani atasahau, baba ya watu aliitwa boyi, nani atasahau, kambo ya watu aliitwa boyi, mutoto anamuita boyi, na mvi zake zinasikia.

Nilimwona kambo wangu na kikombe chake.

Kiitikio kilishikwa na parseli nzima, mpaka mlangoni, mpaka kwa mama anayeuza mikate pale nje, aliyekuwa ameacha karai lake akaingia kusikiliza. Walipomaliza akapiga makofi. Halafu akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei: "Na ule munamutumaka maji kila asubui ku nyumba zenu, ule muzee, ye munamuitaka nani?"

Kijana wa karindula akaweka kiganja juu ya nyuzi. Hakuna aliyejibu, juu sote tulikuwa tunamwita boyi.